Jiwe la Kulamba

21 Novemba 2024

Daftari hili nimepewa leo na Bwana Keneth, afisa mifugo wa kata yetu ya Nkololo. Amegawa kwa wafugaji kumi na wawili na kila mmoja kaambiwa aandike anachokiona zizini kwake: nani kaugua, ameanza lini, anakula au hali, kapewa dawa gani. Anasema ugonjwa hauji ghafla, sisi ndio tunaochelewa kuuona. Wenzangu wengi watawashia moto karatasi hizi. Mimi nilimaliza darasa la saba na mwandiko mzuri, na tangu hapo sijapata pa kuutumia, kwa hiyo nitaandika mpaka Bwana Keneth mwenyewe achoke kusoma.

Naitwa Magese. Nina ng'ombe thelathini na mmoja. Mke wangu ni Nyamizi, hapa nyumbani tunamwita Mama Marcelo. Marcelo ndiye mkubwa, anachunga. Mdogo wake Debora yuko kidato cha pili, anakwenda na kurudi kwa miguu. Dume langu linaitwa Diwani kwa sababu ni kubwa, linapendeza kulitazama, na muda mwingi limelala.

24 Novemba

Mvua nzuri. Tumeanza kupanda pamba. Ng'ombe wazima wote.

2 Desemba

Kupe wengi. Tumeogesha. Ndama mmoja anaharisha.

9 Desemba

Bwana Keneth kaja, matope mpaka magotini. Amemfundisha Marcelo namna ya kumpima ng'ombe damu bila mashine. Unamshika kichwa, unavuta kope la chini kwa kidole gumba, unatazama ndani. Pakiwa pekundu kama nyama iliyotoka kuoshwa, damu ipo. Pakianza kufifia, ujihadhari. Pakiwa peupe, usiulize mtu, kimbilia dawa, maana ndigana baridi humla ng'ombe damu kimya kimya huku bado anatembea na kucheua. Haya nilifundishwa na marehemu baba kabla Bwana Keneth hajazaliwa, lakini nilimwacha aseme. Kijana anapenda kufundisha.

Mama Marcelo alituletea matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na maziwa mgando. Alipotua sinia alishika nguzo ya mlango akasimama hapo kitambo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Bwana Keneth akamwuliza kama anaumwa. Nikajibu mimi: ni uchovu wa kupanda, ekari sita si mchezo. Naye akasema ndiyo, ni uchovu.

20 Desemba

Mama Marcelo ameamka jua limeshatoka. Hii ni mara ya tatu wiki hii. Sijui kwa nini naandika hili kwenye daftari la ng'ombe. Labda kwa sababu maziwa yamekamuliwa kwa kuchelewa.

25 Desemba

Sikukuu. Tumechinja mbuzi. Mama Marcelo hakula nyama, anasema inamchosha kutafuna. Mtu anachokaje kutafuna.

3 Januari 2025

Palizi ya kwanza. Tulipanga mistari sambamba, mimi, yeye, Debora na mdogo wangu Thomasi, ambaye mji wake na wangu umetenganishwa na ua wa minyaa tu. Huwa tunasaidiana, leo kwangu, kesho kwake. Mama Marcelo zamani alikuwa anatuacha nyuma wote, na akifika mwisho anageuka kutucheka. Leo tulifika mwisho tukakaa, tukanywa maji, naye bado yuko katikati ya mstari, ameegemea mpini wa jembe. Thomasi akatania kwamba shemeji anazihesabu nyasi kabla ya kuzing'oa. Watu wakacheka. Mimi niliona aibu, na jioni nikamwambia neno ambalo sitaliandika. Alikuwa anahema kana kwamba ndiyo kwanza ameweka jembe chini.

6 Januari

Kaacha mstari tena.

8 Januari

Kaacha mstari. Nimemwambia Debora amalizie mistari ya mama yake akitoka shule.

11 Januari

Asubuhi Mama Marcelo alinichuchumalia kunisalimu kama kawaida, Mwangaluka, nami nikajibu, lakini hakuinuka. Aliomba nimpeleke zahanati kwa pikipiki. Anasema moyo unampiga masikioni akilala, na akiinama dunia inazunguka. Nikamwambia sawa, palizi ikiisha nitampeleka. Ni siku tano au sita tu.

Ng'ombe: Diwani hakula jana wala leo. Amebaki amesimama peke yake.

12 Januari

Leo nina mengi ya kuandika. Nilipoamka nikaenda moja kwa moja kwa Diwani. Pua kavu, kinyesi kigumu kama cha punda. Nikavuta kope: peupe. Dume lile nililipata kwa kubadilishana na mitamba miwili huko Shishiyu, na nusu ya ndama walio zizini mwangu wana kichwa chake.

Sikunywa hata uji. Niliwasha pikipiki nikaenda Bariadi, mvua ikanikamata njiani, daraja la kwanza maji yalikuwa yanapita juu, nikasukuma kwa mkono. Duka la dawa za mifugo nikalikuta linafunguliwa. Nikanunua sindano, na dawa ya kuongeza damu, na mwenye duka akanishauri jiwe la kulamba, lile jekundu, zito kama tofali, lenye tundu katikati la kupitisha kamba. Akasema ng'ombe anayetoka kwenye ndigana anahitaji madini. Saa nane nilikuwa nimesharudi nimelowa chapachapa, na Bwana Keneth niliyempigia simu alikuwa ananisubiri zizini. Tukamchoma sindano. Tukalifunga jiwe kwenye nguzo.

Mama Marcelo alikuja kutazama. Akasema, "Kumbe ukiamua, Bariadi ni karibu." Nikadhani ananisifu.

15 Januari

Diwani kanywa maji mengi.

19 Januari

Diwani anakula. Kope limerudisha rangi. Bwana Keneth kapiga picha na simu yake, anasema atawaonyesha wengine kwamba ukiwahi, mnyama anapona. Nimefurahi kupita kiasi.

Palizi haijaisha kwa ajili ya mvua. Zahanati bado.

22 Januari

Jiwe lina alama za kisu. Ng'ombe halambi kwa kisu. Kuna mtu anamega.

24 Januari

Nimelizungushia jiwe uzi wa katani na kufunga fundo, ili nijue linavyopungua. Hii ni akili yangu mwenyewe.

26 Januari

Uzi umelegea kiasi cha kupitisha kidole. Ng'ombe walikuwa malishoni tangu asubuhi.

27 Januari

Nimemwendea Thomasi. Ng'ombe wake wawili ni wadhaifu na hana jiwe, na anayeweza kuvuka ua wetu bila mbwa kubweka ni yeye tu. Nikamwuliza mbele ya mkewe kama anaona haya kuomba mpaka aibe. Aliweka chini kikombe cha uji. Akasema, "Kaka, jiwe lako sijaligusa," basi, hakuongeza. Nilitegemea agombe. Kutogomba kwake nikakuchukua kuwa ndiyo ushahidi. Tangu jioni mtaa mzima unajua Thomasi anaiba chumvi ya ng'ombe.

29 Januari

Thomasi hakuja palizi. Tumelima sisi watatu. Mama Marcelo amekaa chini zaidi ya alivyolima.

2 Februari

Mchana nilirudi kutoka shambani kufuata mpini mwingine. Ng'ombe hawapo, mji kimya. Nikasikia kitu kinakwaruza zizini. Nikasema leo nimempata. Niliokota fimbo nikazunguka nyuma ya ua.

Alikuwa Mama Marcelo. Amechuchumaa mbele ya jiwe na kisu cha jikoni, anakwangua, unga mwekundu unamdondokea kiganjani, halafu anaulamba. Midomo yote nyekundu. Hakushtuka. Nadhani hata kushtuka kunahitaji nguvu.

"Baba Marcelo, usinipige," alisema. "Siwezi kuacha. Linanukia kama ardhi mvua ikianza."

Sijampiga tangu Marcelo azaliwe, na iliniuma kwamba hilo ndilo la kwanza alilolifikiria. Nikatupa fimbo nikakaa chini kwenye kinyesi kikavu, hapohapo. Akanieleza. Alianza na udongo wa kichuguu mvua za mwaka jana. Halafu mchele mbichi. Halafu udongo wa kuta za jiko, ndiyo maana upande mmoja una mashimo, nami niliwalaumu kuku. Lakini jiwe ndilo limemshika kabisa. Akiamka analiwaza, akiwa shambani analiwaza. Alikuwa anaeleza kwa aibu, kama mlevi.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nikaona furaha. Naandika ukweli. Kila mfugaji anajua ng'ombe akianza kutafuna mifupa na matambara, mwili wake unaomba kitu kilichopungua, na ukimpa anaacha. Kumbe si uvivu. Kumbe mke wangu kapungukiwa madini. Nilijiona nimegundua ugonjwa ambao daktari angeutafuta kwa mashine.

4 Februari

Nimekwenda mnadani kumnunulia Mama Marcelo jiwe lake mwenyewe. Jipya, halijalambwa na mnyama. Nimeliosha, nimelifunga kwenye kitambaa safi, nikaliweka kwenye rafu ya jikoni juu ya masufuria. Nikamsomea maandishi ya kwenye karatasi la kulifungia: chumvi, chokaa, shaba, zinki, chuma. "Chuma si ndiyo damu yenyewe," nikamwambia. Akapiga magoti kushukuru, akasema wabeja, Baba Marcelo, na akacheka, jambo ambalo sijalisikia tangu mavuno ya mwaka jana. Akauliza, basi zahanati tuiache kwanza? Nikasema tuiache kwanza, tuone jiwe litafanya nini.

Kwa Thomasi sijaenda. Nitamwambiaje kwamba aliyekuwa anakula chumvi ya ng'ombe ni mke wangu? Watu watatucheka mpaka Maswa. Acha ipoe.

7 Februari

Mama Marcelo analila jiwe vizuri.

10 Februari

Analila vizuri. Nimezungusha uzi na kwenye hili, ili nijue dozi. Debora kachelewa shule.

13 Februari

Miguu ya Mama Marcelo imevimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Nimesema ni dalili mwili unajaa tena.

16 Februari

Shangazi Mhoja, dada wa marehemu baba, kaja kumwona. Amemshika viganja akavigeuza juu, akasema ni vyeupe kama vya mtu aliyefua siku nzima. Anasema kuna mtu anamnyonya, na akataja upande wa ua wa Thomasi. Amemfunga kamba nyeusi mkononi na kuacha mizizi ya kuchemsha. Nilinyamaza. Ningeweza kumtetea Thomasi kwa sentensi moja.

18 Februari

Mvua. Debora kachelewa shule, mwalimu kalalamika kwamba anasinzia darasani. Kazi za mama yake zote yuko nazo yeye.

19 Februari

Ng'ombe wazima.

21 Februari

Palizi ya pili. Mama Marcelo alisema atabaki nyumbani, na mimi, ambaye ndiye niliyeandika siku kumi na nne kwamba jiwe linafanya kazi, nikamwambia akijinyoosha kidogo damu itatembea. Akaja. Hakufika hata robo ya mstari. Sikumwona akianguka, niliona jembe lake limesimama lenyewe kwenye tope, kisha likainama.

Nilimkuta amelala ubavu, macho wazi, anahema haraka haraka. Nikamshika kichwa. Kidole gumba kilikwenda chenyewe, sikukituma. Nikavuta kope.

Weupe ule, uliopita hata wa Diwani, nimeuona mara tatu maishani mwangu, na mara mbili za mwanzo nilikuwa nimeshika kisu cha kuchinjia.

22 Februari, Bariadi

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Jana Marcelo aliendesha, mama yake katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Daraja lilikuwa kavu. Njia nzima ilikuwa nyeupe, safi, hata dakika hamsini hatukutumia.

Daktari ni binti, pengine hamzidi Marcelo kwa miaka mitano. Damu ya Nyamizi wameipima ni tatu nukta moja. Nikauliza inatakiwa iwe ngapi, akasema kumi na mbili. Akauliza mama anapata siku zake kwa muda gani. Mimi nikatazama chini, maana hilo si neno la kuulizwa mwanaume. Nyamizi akajibu akiwa ameelekea ukutani: siku kumi, nyingine kumi na mbili, mabonge mabonge. Tangu lini? Tangu mwaka juzi.

Miaka miwili. Tumelala nyumba moja, na mimi nilijua mpaka siku ambayo kila mtamba wangu alipandwa.

Wamempima kwa mashine ya tumbo. Kizazi kina uvimbe, ndiyo unaotoa damu. Dawa yake ni upasuaji, lakini hawawezi kumgusa na damu ile, na moyo umeshachoka kusukuma maji matupu. Ndiyo sababu ya miguu kuvimba. Nikamweleza daktari habari za jiwe. Nilieleza yote, na maandishi ya kwenye karatasi, pengine nikitegemea aseme angalau lilisaidia kidogo. Hakucheka. Alisema, "Mzee, lile ni la tumbo la ng'ombe. Na hata angekunywa vidonge vyenyewe vya chuma, damu ilikuwa inatoka kuliko inavyoingia. Angeletwa mwezi wa kwanza tungekuwa na nafasi." Alisema kwa upole. Ningependa angenigombeza.

Chupa moja ya aina yake ilikuwepo, wanamwekea taratibu, wanasema wakiharakisha moyo utazama. Zinahitajika nyingine tatu. Damu yake haipokei ila ya kundi O. Mimi na Marcelo tumetoa, lakini zetu si za kundi hilo, zimewekwa akiba ya wengine.

Nimepiga simu kwa ndugu mpaka chaji ikaisha. Wa kwangu saba, wa kwao watatu. Kila mmoja kasikitika kwa moyo, na kila mmoja katoa ng'ombe. Binamu yangu Maganga alisema hata wawili, uza leo ukitaka, ila damu hapana, nitalima na nini? Nikamwambia inarudi, mimi mwenyewe nimetoa na bado natembea. Akasema, "Niongeze wa tatu." Siwalaumu. Mwezi uliopita na mimi ningejibu vivyo hivyo, na ningejiona mkarimu.

Kwa Thomasi sikupiga.

Jioni Nyamizi alipata nafuu kidogo ya kusema. Aliniuliza kama nimekuja na jiwe. Nikasema hapana. Akasema afadhali, maana hapa kuna watu. Kisha akaniambia kitu cha pili, kwamba hakunificha, ila kila alipotaka kusema nilikuwa naandika.

23 Februari

Saa moja asubuhi. Chupa ilikuwa haijaisha.

23 Februari, baadaye

Lazima niandike na hili, maana nisipoliandika leo nitalipamba.

Saa tatu kasoro nilitoka nje ya geti. Thomasi alikuwa anashuka kwenye baiskeli. Marcelo ndiye aliyempigia simu jana. Ametoka Nkololo alfajiri, suruali imejaa tope, mkono wa shati ameshaukunja. Hakunisalimu, aliuliza tu, "Wanachukulia wapi?"

Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Akaingia. Nilikaa kwenye ngazi nikijua kwamba mdogo wangu anatolewa damu ya mtu ambaye hayupo, na sikuinuka kumzuia. Nilijiambia itamfaa mwingine. Ukweli ni kwamba sikuwa na ujasiri.

Akatoka amebana pamba mkononi. Akasema, "Kundi O. Wamesema ndilo linalotafutwa." Alikuwa anatabasamu.

Ndipo nikamwambia. Alikaa ngazi ya chini yangu. Baada ya muda nikamwambia na lile jingine, kwamba jiwe alikuwa analila Nyamizi, na kwamba nimelijua tangu mwanzoni mwa mwezi nikamwacha yeye aitwe mwizi.

"Nilijua, kaka," alisema. "Nilimwona nikichungulia juu ya ua, siku ya tatu baada ya wewe kulileta. Aliniomba nisikwambie. Alisema ukijua utaona aibu."

Kwa hiyo nilipomwita mwizi mbele ya mkewe alinyamaza kwa ajili ya aibu yangu. Na mimi nikanyamaza kwa ajili ya aibu yangu. Na yeye Nyamizi naye alinyamaza kwa ajili ya aibu yangu. Sikujua nina aibu kubwa kiasi hicho, ya kushibisha watu watatu.

25 Februari

Tumezika. Ng'ombe saba wameletwa na ndugu, wanne wamechinjwa. Watu wamekula wakashiba, wamesema ni msiba wa heshima.

3 Machi

Hakuna cha kuandika.

9 Machi

Mvua za masika. Ng'ombe wangu Mchumba kazaa, ndama jike, kichwa cha Diwani.

14 Machi

Bwana Keneth kaja kukagua madaftari. Nilimpa hili. Alilisoma amesimama, akitikisa kichwa kwa kuridhika, akafika kwenye Diwani akatabasamu. Akaendelea. Mahali fulani aliacha kutikisa kichwa. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma tena Desemba, siku aliyokuja yeye mwenyewe na Nyamizi akashika nguzo. Akafunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili. Hakuniuliza habari za chanjo. Alisimama na pikipiki yake barabarani muda mrefu kabla ya kuiwasha.

17 Machi

Pamba imeanza kuweka maua. Mstari wa Nyamizi unajulikana kwa majani.

22 Machi

Thomasi kaja palizi ya tatu bila kuitwa. Kwenye mstari ule alipita yeye.

26 Machi

Debora kachelewa shule.

30 Machi

Jiwe la Nyamizi sikulitupa. Shangazi Mhoja alitaka likazikwe porini, nikakataa. Liko palepale kwenye rafu ndani ya kitambaa, na uzi wangu umelizunguka, nilioukaza kwa mkono wangu siku tuliyotoka makaburini, kwa sababu nilitaka libaki kama alivyoliacha. Leo nilikuwa natafuta kiberiti. Nikaligusa. Uzi ukaanguka.

Panya hali jiwe. Nilisimama jikoni nikiwa nimeshika uzi ule, nikawaza kwa utaratibu kama nilivyofundishwa: nani kaanza kuchelewa kuamka, lini, nani anasinzia, nani juzi alitua ndoo njiani mara mbili kutoka kisimani. Ukiacha ndoo, yote nilikuwa nimeyaandika humu, kwa mwandiko mzuri.

Nikamwita Debora nje penye jua. Nikamwambia atazame juu. Hakuuliza kwa nini, ameona nikiwafanyia ng'ombe tangu utoto wake. Nikavuta kope. Halijawa jeupe kabisa kama la mama yake, lakini nyekundu siioni.

Akasema, "Baba, palizi imebaki mistari minne tu, nitamaliza."

Nikamwuliza zake ni siku ngapi. Baba hamwulizi binti yake neno hilo, huku kwetu wala kwingine ninakokujua, na ulimi ulikuwa mzito kama nimelamba jiwe lile mimi. Aligeukia ukuta wa jiko, upande wenye mashimo.

"Kumi," akasema. "Mama aliniambia ndivyo tulivyo, nizoee."

Marcelo ameshawasha pikipiki. Naandika haya nimesimama.